Meno ya Mtihani

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa karakana ametugawia madaftari ya muhula wa mwisho. Kurasa za mbele ni za kazi: tarehe, hatua, kosa, sahihisho. Sisi tunamwita Milimita, kwa sababu hajawahi kukubali kitu chochote kwa jicho tu. Amesema kurasa za nyuma tusizichafue. Ndizo ninazoandikia haya.

Nina miaka arobaini na moja. Mke wa mtu, mama wa mabinti wawili, asubuhi mfua nguo wa hospitali, mchana mwanafunzi wa kutengeneza meno ya bandia. Zimebaki wiki kumi na tatu. Kwa miaka mitatu nimesema "nikimaliza" mpaka wanangu wananiigiza. Leo nilipokaa kwenye kiti changu cha karakana, kile chenye mguu mmoja mfupi, furaha ilinipanda bila kuitwa. Nimechoka hoi, lakini nimefurahi. Naandika ili baadaye nisije nikabisha kwamba ilitokea.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Shuka mia tatu na kitu. Sina zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumesomewa mtihani wa vitendo. Seti nzima, juu na chini, kwa mtu asiye na jino hata moja. Atayavaa mbele ya msahihishaji, atatafuna kipande cha mkate, kisha atahesabu kwa sauti. Sita, saba, sitini, sabini: hapo ndipo watu wanapoumbuka. Meno ya mbele yakikosea kidogo tu, upepo unatorokea pembeni na mgonjwa anapiga mluzi badala ya kusema.

Anayefeli anarudia muhula mzima. Mimi si wa kurudia. Ruhusa yangu ya kufanya zamu ya asubuhi tu inaisha Juni, na msimamizi wa dobi ya hospitali ameshasema hataandika nyingine. Kwa hiyo ni mara hii au basi.

Nimempata mgonjwa wangu: mlinzi mstaafu wa geti la chuo chetu, mzee mcheshi, fizi safi.

Jumapili, 9 Machi

Wifi yangu hupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni, kutoka ng'ambo anakofanya kazi. Mume wangu akishaongea naye anasema, "Haya, ngoja nikupe mama." Mama mkwe anapunga mkono pale pale kitini, macho makavu.

"Mwambie nimelala."

Ni mwaka wa nne sasa. Anasema masikio yake yamekataa simu. Masikio hayo hayo husikia nikifunua sufuria jikoni wakati yeye yuko uani. Na cha ajabu zaidi, huyu mama alikuwa opareta wa simu kwa miaka ishirini na sita. Nchi nzima iliunganishwa kwa mkono wake na nyaya zake.

Tunaishi nyumba moja miaka kumi na minne na bado ananiita "mke wa mwanangu", hata nikiwa nimesimama mbele yake. Masomo yangu anayaita kuchonga meno ya maiti. Yeye mwenyewe hana hata moja. Akiongea anaweka kiganja mdomoni, na chakula anakula chumbani kwake, mlango umefungwa. Namheshimu. Kumpenda ni somo ambalo sijalifikia.

Alhamisi, 13 Machi

Jasi haikauki. Unamimina leo, kesho bado ina jasho. Tumeanika taya zetu za jasi juu ya kabati kama mikate. Milimita anapita anazigusa kwa mgongo wa mkono, anatikisa kichwa.

Jumapili, 16 Machi

"Mwambie nimelala."

Jumatatu, 24 Machi

Nimesinzia nimesimama, mikono ikiwa ndani ya maji ya shuka. Mwenzangu amenigusa bega, nikamwambia "funga mdomo taratibu." Wamecheka dobi nzima. Mimi pia nimecheka, baadaye kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Simu, saa kumi. Amelala.

Ijumaa, 11 Aprili

Mlinzi ameondoka. Binti yake alikuja jana na gari, akamchukua akaenda kuishi naye huko mbali, wala si kwa ubaya. Paa la chumba chake lilikuwa linavuja. Ameniachia salamu kwa mlinzi mpya: "Mwambie fundi wangu anisamehe." Taya zake za jasi bado ziko mezani kwangu, zina jina langu na namba. Wiki tano za kazi, na mdomo wenyewe haupo.

Nilimfuata Milimita ofisini. Hakuinua macho kutoka kwenye kipimo chake.

"Mtihani ni tarehe ishirini na tisa Mei. Seti inahitaji wiki sita kwa mwendo wako."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Tafuta mwingine. Jumatatu awe hapa. Na asiwe na mabaki ya meno; hata kisiki kimoja sikitaki."

Nimerudi kwa miguu nikichungulia midomo ya wazee barabarani. Mmoja amenitabasamia kwa heshima, meno yake yote yamekamilika. Nilikaribia kumchukia.

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu ndiye aliyelitamka. Yeye ni mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno machache, na hata hayo huyatoa chakula kikiisha.

"Mama je?"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango uliofungwa. "Nimesikia. Mdomo wangu si ubao wa kujifunzia."

"Mama, ni wiki sita tu," nikasema nikiuangalia mlango.

"Wewe mke wa mwanangu, watu wangapi watachungulia humo?"

"Mimi, mwalimu na msahihishaji."

"Watatu. Hata baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuchungulia."

Nimeosha vyombo nikalia. Si kwa ajili yake, ni uchovu. Uchovu ukijaa hutafuta pa kutokea.

Jumapili, 13 Aprili

Leo mume wangu alikuwa na grisi mikononi, akaiweka simu mezani ikaongea kwa sauti kubwa. Wifi hakujua kwamba sote tunasikia.

"Kaka, niambie ukweli. Ni ule msiba, siyo? Kwa sababu sikuja kumzika baba. Ningekuja vipi, nawe unajua kazini hawakunipa ruhusa. Miaka minne hataki hata sauti yangu. Basi nisimchokoze. Sitapiga tena kila Jumapili, nitakuwa napiga mara mojamoja."

Mume wangu akasema la, mama hana neno, masikio tu. Hata mimi nisingemwamini. Nilimtazama mama mkwe. Kiganja kilikuwa mdomoni ingawa hakuwa anaongea.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta mlangoni amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani.

"Hiyo kazi yako inaanza saa ngapi?"

Nikamwambia saa saba mchana. Akarudi kukaa kitini na viatu vyake, akasubiri mpaka saa sita.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimechukua umbo la fizi zake. Ule uji wa rangi ya waridi wa kuchukulia umbo ukiwa mdomoni, mama hakukohoa wala hakujitikisa. Alinishika mkono tu, kwa nguvu nisiyomdhania. Milimita akamwita "mama mzazi", akamwekea mto mgongoni. Sikujua kwamba Milimita ana mto.

Alhamisi, 24 Aprili

Kipimo cha kuuma: unaweka vitalu vya nta juu na chini, mgonjwa anafunga mdomo, unapata jinsi taya zinavyokutana. Mama alikuwa amechangamka, akinihadithia jinsi bosi wao wa zamani alivyokuwa akisinzia kwenye ubao wa simu. Nilicheka. Alipofunga mdomo nikaweka alama. Kazi nzuri, nikajisifu daftarini ukurasa wa mbele.

Jumapili, 27 Aprili

Simu haikulia. Saa kumi, saa kumi na nusu. Mama alikuwa ameketi karibu nayo, anajifanya anachambua maharage.

Ijumaa, 2 Mei

Nimejiharibia mwenyewe.

Meno yamepangwa yote kwenye nta, ishirini na nane, nimekesha nayo kichwani wiki nzima. Kwenye lile taya la chuma tunalopangia yalikuwa yanaumana vizuri sana. Nikamvisha mama. Akafunga mdomo. Ya nyuma yakagongana, ya mbele yakabaki wazi kiasi cha kupitisha kidole. Milimita akaja, akapitisha kidole kweli.

"Ulipochukua kipimo alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anahadithia, mwalimu."

"Na wewe?"

"Nacheka."

Alifuta kidole kwa kitambaa. Kisha akanieleza jambo ambalo tulifundishwa mwaka wa kwanza: mtu aliyekaa bila meno huzoea kusukuma taya mbele ili fizi zipate kukutana. Ukimwacha aongee, taya linakwenda linakopenda. Mimi nilipima mazoea ya mama, sikupima taya lake.

"Ng'oa yote," akasema. "Anza upya kwenye kuuma."

Ishirini na nane. Niliyang'oa moja moja kwa kisu cha nta, mama akiwa ameketi pembeni na kiganja chake mdomoni. Kila jino lilidondoka kwenye sahani ya bati na kutoa mlio. Nilikuwa nahesabu siku, ishirini na saba zimebaki. Nilifikiri msimamizi wa dobi, shuka, miaka mitatu ya "nikimaliza". Nikafikiri kwamba labda nimezeeka kwa mambo haya na kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Tulipotoka mvua ilikuwa inanyesha. Mama akafungua mwavuli, akaushika juu yangu, yeye akilowa upande mmoja.

"Siku yangu ya kwanza kazini," akasema, "nilimuunganisha mkuu wa mkoa na bucha. Wakazungumza kidogo kabla ya kushtuka."

"Walikufukuza?"

"Ningekuwa nakuhadithia nini? Nilichomoa waya, nikachomeka pengine."

Jumanne, 6 Mei

Kipimo upya. Milimita amesimama nyuma yangu. "Mama, viringisha ulimi, ugusishe nyuma kabisa, halafu meza mate." Akameza. Taya likarudi mahali pake, polepole. Hakuna aliyecheka. Nimeweka alama.

Ijumaa, 16 Mei

Meno yako kwenye nta tena, na mara hii yanaumana. Sasa matamshi. Nikamwambia mama ahesabu: sita, saba, sitini, sabini. Akafumba macho. Badala ya kuhesabu akasema, polepole:

"Simu yako iko tayari. Zungumza sasa."

"Sasa" ilitoka na mluzi mwembamba. Kiganja kikapanda mdomoni. Nilimwona uso, nikaelewa kitu ambacho nimekaa nacho nyumba moja miaka minne bila kukiona. Si masikio. Ile sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu wasiomjua kwa sura walimjua kwa sauti. Meno yake ya mwisho ya mbele yaling'oka mwaka ule wa msiba. Hakutaka mwanawe aisikie ilivyoharibika.

Niliwasha taa ya spiriti, nikarudisha meno mawili ya mbele ndani kwa unene wa kucha.

"Tena, mama."

"Zungumza sasa."

Bado. Kidogo tena. Mara ya tano ilitoka safi. Tulibaki tunatazamana.

Akaniambia simu za mbali wakati wao zilikuwa za dakika tatu. Zikiisha, opareta anaingia katikati na kuuliza: "Dakika tatu zimekwisha. Unaongeza?" Asiyejibu anakatiwa. "Nimewakatia watu wakiwa katikati ya kilio," akasema. "Sheria ilikuwa sheria."

Jumapili, 18 Mei

Simu haikulia. Mama alinong'ona pale kitini, "Seti inakuwa tayari lini?"

Jumatano, 21 Mei

Nimemaliza kupika plastiki inayochukua nafasi ya nta, na kung'arisha. Mikono inanuka mchanga wa kung'arishia hata nikioga. Nilipotoka karakana jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi, nikasimama kwenye ngazi kama mjinga. Nashukuru kwa kiti cha mguu mfupi. Nashukuru kwa mume wangu anayewasuka mabinti nywele vibaya kila Alhamisi ili niwahi zamu. Nashukuru kwa wenzangu wa dobi walionifichia usingizi wangu. Nashukuru hata kwa yale ishirini na nane ya kwanza. Nina hamu ya mambo yanayokuja mpaka naona haya, mtu mzima mimi. Kisha nikaenda kulala saa moja na nusu, viatu miguuni.

Jumatano, 28 Mei

Kesho. Nguo zimepigwa pasi. Mama amepiga yake mwenyewe, mara mbili.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika yote.

Tuliingia saa nane. Msahihishaji ni mama mnene mwenye miwani kwenye mnyororo. Akayapima meno juu, chini, pembeni. Mama akatafuna mkate, akameza. Akahesabu kuanzia hamsini na tano hadi sabini na saba bila kuombwa kufika huko. Hakuna mluzi. Milimita, aliyesimama ukutani, alikuwa anatazama viatu vyake, na nadhani alikuwa anatabasamu.

Kisha karani akasoma masharti. "Kazi inabaki chuoni kwa wiki tatu ikisubiri msahihishaji wa nje. Iletwe dirishani ikiwa kwenye kisanduku chenye namba kabla ya saa kumi kamili. Kila dakika ya kuchelewa, zinakatwa alama mbili. Dakika zikipita tano, haipokelewi."

Mama alinigeukia. Sikuwa nimemwambia. Wiki hizi zote nilimpima kila kitu, na hilo likanipita kabisa. Alidhani anakwenda nayo nyumbani.

Nilibaki nasafisha vyombo na kusaini karatasi. Saa tisa na nusu nikaenda kwenye benchi la kungojea kumchukua. Benchi tupu. Mkoba wake ulikuwepo, yeye hayupo, na mtihani wangu uko mdomoni mwake.

Nilikwenda getini, mlinzi hajamwona. Chooni. Kantini. Karakana. Saa kumi kasoro robo. Nikapanda ghorofa ya pili nikihema, nikashuka nikiomba, na nikiri hapa kwamba nilimwazia mabaya. Nilisema moyoni, huyu mama hajawahi kunitakia mema.

Nikamsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa sauti nisiyoijua, ya chini, nyororo, imenyooka. Ilitoka chumba cha mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama pembeni amempisha kiti chake, na mama ameketi mgongo wima, simu ya mezani sikioni, kiganja kingine kimetulia mapajani.

"Sikukasirika, mwanangu. Hata siku moja. Nilikuwa sina meno."

Upande wa pili mtu alikuwa analia, nilimsikia mpaka mlangoni.

"Msiba haukuwa wako peke yako kuubeba. Nilijua hukupewa ruhusa. Sasa nisikilize, usilie ndani ya simu, inakwaruza."

Aliniona. Akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Saa kumi kasoro nne. Kutoka pale mpaka dirisha la karani, kushuka ngazi za baraza na kukata uwanja, ni dakika tatu kwa mtu anayekimbia. Akafunika simu kwa mkono. Uso wake ulikuwa wa kazi kabisa.

"Dakika tatu zimekwisha," akaniambia. "Nikate?"

Mkono wake mwingine ulikuwa umeshaanza kwenda mdomoni kuyatoa. Angeyatoa. Nilijua angeyatoa na kunipa na kukata simu katikati ya kilio, maana sheria ni sheria. Niliwaza dobi. Niliwaza alama.

"Ongeza, mama," nikasema.

Aliongeza dakika tatu, hakuzidisha hata moja. Nilisimama nikiitazama ile saa. Alipoagana na mwanawe alitoa meno yote, ya juu na ya chini, akayafunga kwenye leso yake, akanikabidhi. Uso wake ukaporomoka mahali pake pa zamani. Nikakimbia.

Nimefika saa kumi na dakika mbili, na karani alikuwa anateremsha dirisha. Milimita alilishika kwa kiganja. Akatazama saa yake, si mimi. Mpaka nilipoyaosha, kuyaweka kisandukuni na kuandika namba, ikawa dakika nne. "Dakika nne," akasema, akamwandikisha karani kwa wino mwekundu. Hakunisamehe hata moja. Lakini kile kiganja hakukitoa mpaka kisanduku kilipopita.

Jumapili, 1 Juni

Simu imelia saa kumi. Mama amepunga mkono. "Mwambie meno yapo mtihanini." Mume wangu ameshindwa kusema kwa kicheko.

Amekula mezani leo, bila meno, kiganja kimesahaulika.

Ijumaa, 20 Juni

Matokeo yamebandikwa ukutani. Mama amekwenda nami, akasogeza watu kwa kiwiko, akanisomea kwa sauti: "Sitini na moja." Inayotakiwa ni sitini. Bila zile dakika ningekuwa na sitini na tisa. Nimefaulu. Nilidhani nitaruka; badala yake nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza, nikavua viatu, nikabaki hapo natazama vidole vyangu. Milimita alipita, akanirudishia kisanduku. "Ya mbele umeyarudisha ndani," akasema. "Kiasi gani?"

"Sikupima, mwalimu. Nilisikiliza."

Akaondoka. Mama aliyavaa pale pale.

Jumapili, 22 Juni

Ukurasa wa mwisho wa nyuma. Mvua imekatika. Jana nimemkabidhi msimamizi wa dobi aproni yangu, amenishika mkono kwa mikono miwili.

Saa kumi simu imelia. Mume wangu amenyoosha mkono, mama amemwahi. Wamezungumza muda mrefu, sikuhesabu. Nilikuwa nakunja nguo nikiwa nusu usingizini. Kisha nikasikia ile sauti ya kazi:

"Subiri kwenye laini. Nakuunganisha na fundi wangu."

Akaninyooshea simu.